Malipo ya saa za kitabu kwenye karakana: yanafaa kwa breki, yanaumiza kwenye umeme

Huduma unayopata kwenye karakana kubwa, hasa ya wakala wa magari, inategemea sana namna watu wawili wanavyolipwa: fundi aliye chini ya gari na mshauri wa huduma anayekupokea kaunta. Tunautathmini hapa mfumo uliozoeleka, saa za kitabu kwa fundi na kamisheni kwa mshauri.

Kitabu, ambacho siku hizi ni programu ya kompyuta, huipangia kila kazi muda wake. Tuseme pedi za breki za mbele zimeandikiwa saa 1. Fundi akimaliza kwa dakika 40 analipwa saa 1; akihangaika saa 2 na bolti iliyoshika kutu, analipwa saa ile ile 1. Aliyekaa kazini saa 40 kwa wiki na kuandikiwa saa 52 ana ufanisi wa asilimia 130. Magari yasipokuja, atakaa saa 40 hizo hizo aondoke na 22. Kwa hiyo fundi anayeitwa kwenye ajira ya namna hii aulize kwanza kiwango cha chini, yaani ni saa ngapi atalipwa hata kazi zikikosekana. Bei ya saa ifuate baadaye.

Kwa kazi zinazojirudia, mfumo huu ni mzuri kweli. Ustadi unalipa, na mteja anajua gharama kabla bolti haijaguswa. Tatizo ni kwamba hatua zinazorukwa ni zile zisizoonekana. Pini za kalipa, kifaa kinachozibana pedi, zinatakiwa zitolewe, zisafishwe na zipakwe grisi inayovumilia joto. Fundi anayekimbiza saa akiziacha, pini hukwama na pedi ya upande mmoja huisha mapema kuliko mwenzake. Gari likirudi kwa kosa hilo, anarudia bila malipo. Hilo ni haki, mradi kosa ni lake na si spea mbovu iliyoletwa na stoo.

Kwenye umeme mfumo unafeli vibaya. Chukua betri inayoisha chaji gari likiwa limeegeshwa. Fundi anaunga maltimita, yaani kipimo cha umeme, kwenye waya hasi wa betri, anafunga milango, kisha anasubiri kompyuta za gari zilale. Kusubiri huko peke yake kunaweza kuchukua dakika 20 hadi 60, kutegemea gari. Kwenye magari mengi mkondo ukibaki juu ya miliampea 50, kuna kitu kinanyonya. Njia sahihi ni kupima tofauti ndogo ya volti juu ya kila fyuzi bila kuichomoa, maana kuchomoa na kurudisha fyuzi kunaweza kuziamsha kompyuta na kusubiri kukaanza upya. Kazi hii ikiandikiwa saa 1 ya uchunguzi, fundi anaifanya kwa hasara. Matokeo yake ni kukisia: betri mpya, halafu alteneta inayoichaji, na gari linarudi wiki ijayo na ugonjwa ule ule. Karakana zinazolipa uchunguzi kwa saa halisi, kwa idhini ya mteja hatua kwa hatua, tunazipa alama za juu bila kusita.

Kazi za waranti, yaani zile anazolipia mtengenezaji wa gari, nazo zinauma. Muda anaoukubali mtengenezaji mara nyingi ni mfupi kuliko ule wa kazi anayolipia mteja mwenyewe, kwa hiyo kazi moja ina malipo mawili tofauti. Hapo msimamizi anayegawa kazi ndiye anayeamua mshahara wa mtu. Akimpendelea mmoja kwa breki na sevisi, na mwingine akampa waranti mfululizo, fundi mzuri ataondoka.

Upande wa kaunta, mshauri hupata asilimia ya ufundi na spea alizouza, na mara nyingine zawadi ndogo kwa kila chupa ya kusafishia mfumo wa mafuta. Hatari yake inajulikana tangu zamani. Mwaka 1992, mamlaka za jimbo la California nchini Marekani zilizishutumu karakana za Sears kwa kuuza matengenezo yasiyohitajika, na kampuni hiyo ikafuta kamisheni na malengo ya mauzo kwa washauri wake. Kamisheni si mbaya yenyewe. Inayopotosha ni ile inayohesabu idadi ya shokapu zilizouzwa bila kukata chochote gari linaporudi.

Mteja atazame kadi ya kazi kwa makini. Pedi ziandikwe unene wake kwa milimita, si neno "zimechoka" tu. Kazi zinazopishana zisihesabiwe mara mbili: mkanda wa taimingi ukiwa na saa 4 na pampu ya maji inayoendeshwa nao ikiwa na saa 3 peke yake, zikifanywa pamoja zisifike 7, kwa kuwa sehemu kubwa ya kufungua ni ile ile. Omba pia spea za zamani kabla kazi haijaanza, kwa sababu nyingine hurudishwa kwa muuzaji na baadaye hutazipata.