Nilinunua IST "namba D", kadi ikasema mengine

Tangazo la gari nililolinunua mwaka jana jijini Dar es Salaam lilitanguliza herufi kabla ya kitu kingine chochote: Toyota IST, namba D, AC inafanya kazi, haidaiwi. Bei yake ilikuwa shilingi milioni 9.5. Ninaandika uzoefu huu kwa ajili ya mtu anayejiandaa kununua gari la mkononi katika yadi au kupitia kwa dalali, kwa sababu karibu kila kero iliyonipata ilitokana na vibao viwili vya namba ambavyo mimi, kama wanunuzi wengi, nilivitupia jicho mara moja nikaridhika.

Nianze na hiyo herufi, maana ndiyo inayopandisha bei. Namba za magari ya watu binafsi na ya biashara Tanzania Bara huanza na T, zikafuata tarakimu tatu na kisha herufi tatu, na sokoni hutajwa ile ya kwanza kati ya hizo tatu: namba A, B, C, D na sasa E. Herufi hizo hufuata mfululizo wa usajili, kwa hiyo zinakuonyesha gari liliandikishwa lini hapa nchini, lakini hazikwambii lolote kuhusu mwaka lilipotoka kiwandani. IST za umbo la kwanza zilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, na zimeendelea kuingizwa nchini miaka mingi baada ya hapo, kwa kuwa Tanzania haikatazi gari la umri huo bali hulitoza ushuru wa ziada kadiri ya uchakavu, tofauti na Kenya ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Ndiyo maana unaweza kukuta yadini magari mawili yaliyotengenezwa mwaka mmoja, moja likiwa namba B na lingine namba D, na hilo la D likauzwa kwa mamilioni zaidi. Sikatai kwamba gari lililokaa muda mrefu kwenye barabara zetu huchoka zaidi, na mnunuzi ana haki ya kulipa kidogo kwa ajili hiyo; lakini kulipa tofauti yote hiyo kwa sababu ya herufi peke yake, bila kusoma mwaka wa kutengenezwa ulioandikwa kwenye kadi ya usajili wa gari, ni kujidhulumu. Isitoshe, herufi D ilitumika kwa miaka kadhaa, hivyo gari la DA na gari la DZ hayalingani hata kidogo, ijapokuwa madalali huyaita yote kwa jina moja. Gari langu, ambalo muuzaji alilisifu kuwa bado jipya, lilikuwa la mwaka 2004.

Jambo la pili ni rangi, na hapa ndipo nilipoumia zaidi. Gari la mtu binafsi hufungwa vibao vya njano, na gari la biashara, kama vile teksi na daladala, hufungwa vyeupe. Vibao vya IST ile vilikuwa vya njano, tena ving'avu kuliko bampa zilizovibeba, na sikujiuliza kwa nini gari lenye umri ule liwe na vibao vipya namna ile. Kabla ya malipo nilionyeshwa nakala ya kadi iliyofifia. Kadi halisi niliiona baadaye mbele ya wakili, ambaye aliisoma mstari kwa mstari na kunionyesha sehemu ya matumizi ya gari: biashara. Gari lilikuwa teksi, na kuna mtu aliyeng'oa vibao vyeupe na kufunga vya njano bila kubadilisha chochote katika usajili. Muuzaji alijibu kwamba hilo ni jambo dogo. Si dogo, kwa sababu bima hukatwa kulingana na matumizi ya gari, na siku ya ajali kampuni ya bima ikikuta maelezo ya kadi hayafanani na gari lililo barabarani, mwenye kuhangaika ni wewe. Zaidi ya hayo, teksi hutembea kutwa na pengine usiku kucha, na hiyo ndiyo habari ambayo mnunuzi alipaswa kuijua kabla ya kukubaliana bei.

Nilichofanya vizuri ni kimoja tu: nilikuwa nimelipa milioni 7 na kubakiza milioni 2.5 hadi umiliki utakapohamishwa. Fedha hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa yadi iliyoniuzia gari wapokee simu zangu.

Usiku wa siku ileile niliingiza namba ya gari katika mfumo wa Jeshi la Polisi wa faini za barabarani, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya kwa simu yake, nikakuta makosa manne ambayo hayajalipiwa, kila moja shilingi 30,000. Kwa utaratibu wetu namba haiondoki na muuzaji. Gari hubaki na namba ile ile kutoka mkono hadi mkono, na deni lililoandikwa kwa namba hiyo humkuta aliye nalo wakati huo. Yadi iliyotangaza kwamba gari halidaiwi ilikubali kulipa nusu, nayo baada ya siku tisa za kusumbuana. Muuzaji pia alijisifu kwamba ada ya mwaka ya leseni ya gari imelipwa, ingawa ada hiyo ilifutwa mwaka 2017, na anayeitaja leo kama sifa ya gari anakuongezea maneno tu.

Kisha likaja suala la jina. Kadi ilikuwa na jina la mzee mmoja wa Morogoro aliyeliuza gari miaka minne kabla, na tangu wakati huo lilikuwa limepita mikono miwili bila mtu yeyote kuhamisha umiliki. Yadi ilikuwa na mkataba na mtu wa mwisho tu, ilhali anayehitajika kuhamisha gari ni yule ambaye jina lake limo kwenye kadi. Walinipa namba ya simu ambayo haikupatikana. Nilipata nyingine kwa kuulizia kwa madereva teksi, nikapanda treni ya SGR asubuhi, na saa nne nilikuwa sebuleni kwa mzee. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, na kabla sijamaliza alisimama kwenda kutafuta nakala ya mkataba wake wa mauziano, ambayo alikuwa ameitunza kwenye bahasha. "Mwanangu," aliniambia, "gari hilo likigonga mtu, wa kwanza kutafutwa ni mimi." Alikuwa ameishi na wasiwasi huo miaka yote minne. Tulikwenda kwa wakili pamoja, akasaini, akanipa nakala ya kitambulisho chake cha NIDA na namba yake ya mlipakodi. Kama angekuwa amefariki, ningelazimika kusubiri msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na sijui ningempata wapi.

Uhamishaji wenyewe haukunisumbua. Nililipa shilingi 50,000 za kuhamisha umiliki, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani ya gari, ambao kwangu ulikuwa 95,000, na 10,000 za kadi mpya, nikaomba pia matumizi yabadilishwe yawe binafsi. Namba ya chesisi na ya injini zililinganishwa na kadi, na nilishukuru sana zilipofanana.

Kwa yadi ile sitarudi, wala sitamwelekeza ndugu yangu huko, hata kama gari lenyewe linakwenda vizuri hadi leo. Nikinunua tena nitaomba kadi halisi kabla ya kuwasha injini, nisome mwaka, matumizi na jina, na mwenye jina hilo awepo siku ya kulipana.

Kadi mpya ilipotoka niliipiga picha nikiwa bado kwenye ngazi za jengo na kuituma Morogoro, kwa kuwa mzee aliniomba nisisahau. Alipiga simu papo hapo, akaniomba nimsomee jina lililoandikwa, kisha akaniomba nilirudie.