Nilienda kuulizia dume, nikarudi na mbwa aliyefungwa kizazi: kliniki nawapa nyota nne

Jina la kliniki sitaji maana huko chini nitawalalamikia na sitaki ugomvi na mtu, ila ni hapa hapa Kampala na nadhani niliyoyaona yatamsaidia mwenye mbwa jike ndani ya geti anayejiuliza nimzalishe au nimfunge.

Kasuku ni mbwa wetu jike, aina ya Jamani Shepadi, ana miaka mitatu. Jina walimpa watoto kwa sababu akianza kubweka anarudia rudia hadi jirani anagonga ukuta. Tulimnunua kwa ajili ya ulinzi, afande wetu wa getini ni mzee mstaafu wa jeshi na alisema bila mbwa usiku hawezi kukaa macho peke yake (na tuseme ukweli, akiwa na mbwa ndio analala vizuri).

Shida yetu ilikuwa joto, yaani kile kipindi jike anapotaka dume. Kila baada ya miezi sita saba hivi, kwa wiki kama tatu, mbwa koko wote wa mtaa wanahamia nje ya geti letu, wanakesha, wanapigana, wanachimba chini ya ukuta, asubuhi ukifungua geti unawaruka kama watu wanaosubiri treni. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili koko mmoja akamng'ata mtoto wa jirani aliyetumwa dukani mkate, ikabidi yule mtoto apelekwe sindano za kichaa cha mbwa hadi akamaliza zote, na lawama ziliangukia kwa nani? Kwetu. Na jirani alikuwa na haki bana, kichaa cha mbwa sio mchezo, Shirika la Afya Duniani wanasema karibu visa vyote vya binadamu, hadi asilimia 99, vinatoka kwa mbwa.

Basi mara ya tatu nikajifanya mjanja, nikaita mmoja wa wale jamaa wanaokuja na boda wamebeba kibegi cha barafu, wanachanja mbwa, kuku, ng'ombe, chochote utakachomwonyesha. Akaniambia madam usihangaike, kuna sindano ya kuzuia, elfu thelathini tu joto halirudi. Kweli joto likapotea miezi mingi, nikawa nawaambia hadi majirani. Hiyo sindano ishike kichwani, tutairudia.

Joto liliporudi ndio akatokea jamaa mwenye dume. Alituona tunatembea na Kasuku jioni, akasimamisha gari katikati ya barabara, eti huyu jike ni mzuri mno kukaa bure. Akanipigia hesabu pale pale dirishani: mapapi (watoto wa mbwa) nane, kila mmoja laki sita, hiyo ni milioni nne na laki nane, yeye hataki hela, anataka mapapi wawili achague wa kwanza. Usiku ule sikulala vizuri, nilishanunua friji, nimelipa ada ya muhula ya watoto wawili, na chenji imebaki. Nikamwambia joto hili limeshaenda mwisho, tusubiri lijalo nijipange.

Sasa miezi kama mitatu baadaye ndio nikaenda kliniki. Naomba mnielewe, sikwenda kufunga kizazi, nilienda kuuliza vipimo vya kumpandisha. Daktari ni dada kijana tu, kasomea Makerere, na kitu nilichompendea hakunihubiria. Alichukua karatasi akaandika, kila akiandika ananiuliza swali, na mimi kila swali sina jibu.

Swali la kwanza nyonga. Hawa Shepadi wana ugonjwa wa nyonga wa kurithi, nyonga haikai sawa kwenye tundu lake, mbwa akizeeka anashindwa kuinuka. Kwa hiyo kabla ya kuzalisha unapiga eksrei, mama na baba wote, na vizuri wawe wamefikisha miaka miwili ndio picha iaminike. Nikampigia jamaa wa dume hapo hapo nimeweka spika. Akajibu, mbwa wangu anatembea vizuri, eksrei ya nini, kwani kagongwa na gari? Daktari akacheka kimya kimya akaendelea kuandika.

Swali la pili, dume hilo limepanda majike mangapi na wamepimwa nini? Kuna brusela ya mbwa, inaharibu mimba na inaweza kumpata hata mtu. Halafu kuna ule uvimbe wa kuambukizana wakati wa kupandana, unaota sehemu za siri mwekundu umevurugika kama koliflawa, unatoa damu, na huku kwetu upo mwingi kwa sababu ya mbwa wanaozurura. Unatibika, lakini ni dawa ya saratani ya kudungwa kwenye mshipa kila wiki kwa wiki kadhaa. Mimi nilidhani ugonjwa wa zinaa ni wa watu tu.

Halafu hesabu yenyewe. Mimba ni kama siku 63. Akinyonyesha watoto wengi anaweza kula mara mbili hata mara tatu ya kawaida yake, na Kasuku anakula posho (ugali) na mapafu na mukene (dagaa) kwa sufuria, sio kwa bakuli. Dawa ya minyoo mapapi wanaanza wiki ya pili na inarudiwa kila wiki mbili, chanjo inaanza wiki ya sita hadi ya nane, na parvo, ile virusi ya kuharisha damu, ikiingia kabla ya hapo unaweza kuzika boksi zima. Akishindwa kuzaa usiku ni operesheni, na usiku bei sio ya mchana. Mapapi hawatakiwi kutoka kwa mama kabla ya wiki nane, kwa hiyo kuanzia wiki ya nne una midomo minane inayokula na kunya kwenye varanda yako. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lilinimaliza: wateja wako hapa wanataka madume ya ulinzi, kati ya hao nane tuseme wanne ni majike, wasipopata mtu wanaenda wapi, nyabo?

Nikakumbuka lile boksi la karatasi ambalo kila mtu wa Kampala ameshaliona, kijana kasimama kando ya barabara jua la saa saba, kainua papi mmoja mkononi kila gari likipunguza mwendo. Sikuwa nimewahi kujiuliza wanatoka kwenye geti la nani.

Hakunikataza, hilo niliseme. Alisema eksrei ikitoka safi, dume likipimwa, na mimi nikiwa na muda na akiba, atanisimamia mpaka mwisho. Ila mi sina muda huo, natoka nyumbani saa kumi na mbili narudi saa mbili usiku. Nani atapima joto la mwili la mbwa mjamzito, afande?

Ndio nikauliza, na kufunga je? Hapo pia alinipa pande zote mbili na kwa hilo peke yake nyota mbili ni zake. Ni kutoa mifuko ya mayai na kizazi chote, hakuna kurudi nyuma. Atanenepa usipopunguza chakula. Majike wakubwa wa aina hii wengine baadaye huvujisha mkojo wakilala, kuna dawa lakini ni usumbufu. Faida ya kuzuia saratani ya matiti ni kubwa ukifunga kabla ya joto la kwanza au la pili, kwa Kasuku hiyo imeshapungua, hakutaka kunidanganya. Kwa mbwa wakubwa wengine wanashauri usubiri mwaka upite kwanza ili mifupa ikomae, kwetu ulishapita. Faida kubwa iliyobaki ni kuzuia usaha kwenye kizazi. Unakuja wiki chache baada ya joto, hasa kwa jike aliyeanza kuzeeka, mbwa anakunywa maji kama ng'ombe, hataki kula, anaweza kutoa uchafu nyuma au asitoe kabisa na hiyo ya kutotoa ndio mbaya zaidi, usipofanya haraka anakufa.

Nikasema, aa, yeye tulishampiga ile sindano ya kuzuia. Dada akaweka kalamu chini. Akaniuliza lini, mara ngapi, dawa gani. Dawa gani mimi nitajuaje, ilikuwa kwenye kichupa. Akanieleza hizo sindano za homoni ndizo zinaongeza hatari ya huo usaha, na ya uvimbe wa matiti pia. Elfu thelathini yangu hiyo. Kuhusu muda tulikuwa tumebahatika, kwa sababu wakati wa joto mishipa imejaa damu, wanapenda ipite miezi miwili mitatu ndio wafungue, na sisi tulikuwa hapo. Nikasema tuandikie tarehe.

Siku yenyewe. Asile kuanzia usiku, maji yaondolewe asubuhi, sawa. Boda habebi mbwa wa kilo 28 kwa hiyo ni speshelo, yaani teksi ya kukodi, na dereva aliyekubali alitaka elfu kumi juu na gazeti la kutandika kiti. Tulifika saa mbili na nusu. Wakampima uzito, wakasikiliza moyo, wakachukua damu, wakaangalia kadi ya chanjo. Wakamnyoa mguu wa mbele kidogo wa kuwekea dripu, na yeye mbwa mkali wa mtaa akanyoosha mguu kama bibi anayepakwa hina. Baada ya kama saa moja na kitu hivi daktari akatoka akaniita nione. Kwenye kibeseni cha chuma kulikuwa na kitu chenye panda mbili kama manati, chekundu hafifu, kinene kuliko nilivyotarajia. Akakibonyeza kwa kidole chenye glavu, kikabonyea, akakichana kidogo na ndani kulikuwa na majimaji. Sio usaha bado, alisema, lakini ukuta umeshaanza kubadilika. Hakusema ni sindano, alisema inawezekana. Nilirudi kukaa kwenye benchi nikawa siongei.

Sasa malalamiko.

Bili. Kwenye simu niliambiwa laki mbili na elfu themanini. Kwenye kaunta ikawa laki tatu na elfu arobaini na tano, eti damu peke yake, dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani peke yake, kola ya plastiki peke yake. Jamani, kuna mtu anafanyiwa operesheni ya tumbo akakataa dawa ya maumivu? Wekeni bei moja. Nililipa kwa simu, risiti nikaiomba mara mbili.

Halafu namba ya usiku. Kwenye karatasi wameandika dharura saa 24. Usiku wa nne mshono ulivimba upande mmoja, kitu laini kama yai, nikapiga saa tano, saa tano na robo, saa sita, inaita tu hadi inakatika. Wasap tiki moja. Nilikaa sakafuni na tochi nikihesabu pumzi zake hadi alfajiri. Asubuhi daktari mwenyewe alipiga kabla ya saa mbili, akaomba radhi, akasema nilete. Ilikuwa maji tu yamejikusanya chini ya ngozi kwa sababu aliruka ruka mapema, akakanda kidogo, hakunitoza. Hilo la kuruka ni kosa letu, tuliambiwa siku kumi asikimbie na watoto walimfungulia siku ya tatu. Lakini namba ya dharura isiyopokelewa usiku ni bora isiandikwe, na nyota iliyopotea imepotelea hapo.

Kola ile nayo ni kisa. Siku ya kwanza alikwama kwenye mlango wa jikoni, akarudi nyuma, akajaribu tena kwa nguvu, kisha akasimama pale akiangalia fremu kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Usiku ilikuwa inagonga ndoo, kiti, magoti ya watu. Msimvue lakini, hata akiwaangalia kwa macho gani. Nyuzi zilitolewa siku ya 12, dakika tano, bure.

Tangu hapo ni miezi mitano. Posho tumepunguza kama robo, bado kaongezeka kilo moja na nusu. Mkojo havuji mpaka sasa. Geti usiku kimya, koko wamehamia kwa mwingine.

Afande ndiye alikuwa mgumu kuliko wote. Alisema mbwa aliyetolewa kizazi amekwisha, atalala tu kama paka, nitafute mwingine wa kazi. Wiki iliyopita nikiwa kazini kaja mtu wa kusoma mita, geti dogo likaachwa wazi. Nilivyosimuliwa, walimkuta juu ya tangi la maji, kiatu kimoja kiko chini, Kasuku amekalia hicho kiatu anarudia maneno yake yale yale. Nimerudi jioni afande ananipigia saluti: "Madam, huyu bado yuko kazini."