Dira ni safi, mkoba wake ni balaa

Msinunue dira kwenye lile duka la Birere. Nalisema hilo kwanza, maana hasira haijanitoka.

Mimi napima viwanja hapa Goma. Nilichukua dira ya mkononi pamoja na mkoba wa ngozi, ambao muuzaji alishikilia kuwa lazima uendane nayo. Unauvaa shingoni, ukiishika dira kifuani, mkoba uko kiganja kimoja tu chini yake.

Tulikuwa juu ya lava ya volkano Nyiragongo ya 2002, ile iliyofukia mawe ya mipaka ya watu, tunamtafutia mama mmoja kona za kiwanja chake. Vyuma vyote nilivitenga. Mwongozo wa jeshi la Marekani wa kusoma ramani unataka mita 10 kutoka kwenye gari au seng'enge, na 55 kutoka kwenye nyaya za umeme mkubwa. Niliyafuata yote, nyundo na simu nikampa kijana akakae mbali. Nikapima mwelekeo kona hadi kona, kisha nikapima kwa kurudi. Vipimo hivyo viwili hupishana digrii 180. Vyangu vilikosa hapo kwa digrii 8! Kwenye mstari wa mita 50, hizo ni karibu mita 7. Mita 7 Goma ni nyumba ya mtu. Ni majirani kufikishana mahakamani.

Nikarudi dukani. Jamaa hata hakuinua kichwa: "Papa, uko mupimaji gani, haujue volkano? Mawe ya huku yanavuta sindano." Wateja wakacheka.

Ni kweli mawe yetu yana madini ya sumaku, nani Goma asiyejua? Lakini kosa la jiwe hubaki kwenye jiwe lake. Hili lilikuwa linatembea na mimi! Nikaiweka dira juu ya kigoda cha mbao, ikatulia. Nikasogeza mkoba wake, sindano ikageuka kuufuata. Nikaomba pini mezani kwake, nikaigusisha kwenye kifungo cha mkoba: ikanasa. Kifungo ni sumaku, ndugu zangu. Sumaku, inauzwa na dira! Jibu lake: "Kitu kikitoka hakirudi."

Sasa niseme haki. Bila mkoba, mstari uleule ulikubaliana hadi chini ya digrii moja. Sindano inatulia haraka, namba zinasomeka hata jua likiwa kali. Sijawahi kushika dira tamu hivi. Basi inunueni, mkoba mwachieni.

Lakini hapana. Nikimkumbuka yule mama, amesimama pale na hati yake ndani ya plastiki, anangoja nimwambie ukuta uanzie wapi, siwezi kumpelekea yule mtu hata faranga moja ya mteja. Itafuteni dira hiyohiyo kwingine. Na popote mtakapoinunua, nendeni na pini: igusisheni kwenye kifungo, kwenye mkanda, hata kwenye kamba ya shingoni. Shaba na alumini hazina neno. Pini ikinasa, rudisheni hapohapo kabla hamjalipa.