Sindano za Kichina na dawa ya kuchemsha kwa ajili ya kiuno, uzoefu wangu Guangzhou

Jamani nimeulizwa sana hii habari ya sindano, naandika hapa mara moja. Mimi huwa nafata mzigo Guangzhou, sasa safari ile kiuno kiligoma kabisa, kuinama nivae viatu siwezi, maumivu yanashuka mpaka nyuma ya goti la kushoto, usiku nageuka kitandani huku nimeng'ata shuka.

Sehemu ya kwanza nilikopelekwa siitaji jina, nilipewa unga kwenye kikaratasi, hauna jina wala maelezo, nikiuliza kuna nini humu naambiwa dawa ya mgongo. Sikuunywa. Mwanzoni mwa miaka ya 90 huko Ubelgiji kuna wanawake waliharibika figo kwa dawa za kupunguza mwili zenye mitishamba ya Kichina, kumbe mmea mmoja ulichanganywa na mwingine wenye jina linalofanana nao, na huo wa pili una sumu, asidi aristolokiki. Kwa hiyo mimi dawa isiyo na jina siigusi, nitabaki na maumivu yangu.

Nikaenda hospitali ya serikali kitengo cha tiba ya jadi, na kijana wetu mmoja anayesoma kule akaja kunitafsiria. Dokta ni mama mtu mzima, akanishika mapigo mikono yote miwili kwa vidole vitatu, kimyaa, halafu akasema nitoe ulimi. Kijana akaniambia "dada, anauliza kuna dawa nyingine unatumia?" nikamwambia za presha, basi yule mama akachukua kalamu akakata mstari mmoja kwenye karatasi ya dawa. Alikata gan cao, ule mzizi mtamu wanaouweka karibu kila dawa, ukiutumia sana unapandisha presha na kushusha potasiamu. Hapo hapo nikamwamini.

Sindano zenyewe nyembamba sana, zinafunguliwa mbele yako na zikitoka zinatupwa. Nilichomwa pembeni ya uti wa mgongo na nyuma ya goti, sehemu wanayoiita Weizhong. Haiumi kama sindano ya hospitali, unasikia uzito fulani unasambaa, wao wanaita deqi na dokta haendelei mpaka useme umeusikia. Unalala nazo dakika 30. Juu ya sindano za kiuno akabandika moksa, yaani majani ya ai ye yaliyokaushwa na kusagwa mpaka yakawa kama pamba, ukoo mmoja na pakanga yetu, akayawasha, joto likashuka na chuma taratibu mpaka ndani kabisa ya kiuno. Harufu inabaki kwenye nguo siku nzima lakini sikujali, maana siku ile nilitembea mpaka kituo cha treni bila kusimama njiani.

Dawa ya kunywa inaitwa Duhuo Jisheng Tang, ya zamani sana, inatokana na tabibu Sun Simiao wa karne ya 7, ina vitu 15, yangu ikabaki na 14. Mdalasini niliujua, na kuna gome la du zhong ukilivunja linavutika nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, nilikuwa nalivunja kila siku nilitazame tu. Wanaweza kukuchemshia kwa mashine wakakupa vipakti, ila mimi nilichemsha mwenyewe kwenye chungu (sufuria ya chuma au alumini hawataki), unaloweka nusu saa, unachemsha mara mbili, unachanganya, unagawa asubuhi na jioni baada ya kula. Dawa yenyewe ni chungu jamani, chungu na nzito kama udongo wa mvua, na chumba kizima kinanuka dang gui, mzizi mmojawapo wa humo.

Siku ya sita tumbo likaanza kuendesha, nikaacha dawa siku tano, sindano nikaendelea nazo, na kiuno kikazidi kupata nafuu vilevile. Dokta akasema ni dang gui na sheng di huang, mzizi mwingine wa humo humo, akazipunguza, nikarudia na tumbo likatulia. Kwa hiyo kwa mwili wangu mimi, sindano na moksa nazipa 9 kwa 10, dawa ya kunywa naipa 6, ukiwa na hela ya kimoja chagua sindano. Na kama unatumia dawa za kuyeyusha damu kama warfarin hiyo dang gui usiiguse kabla daktari wako hajajua, inaweza kukuletea kutoka damu.

Jumla nilichomwa mara kumi. Karatasi ya dawa nilimuomba kijana aniandikie majina ya Kilatini pembeni ya kila mmea, nikarudi nayo Dar nikampa daktari wangu wa presha, akaisoma yote mstari kwa mstari, akaipiga picha akaiweka kwenye faili langu.