Chama cha wanafunzi wanaolenga udaktari wa DO: dola 25 zinanunua nini

Ada yetu ni dola 25 kwa muhula. Humo mna fulana, pizza ya kila mkutano na jina lako kwenye orodha ya barua pepe. Kama ni fulana unayoitaka, dukani ni rahisi zaidi. Nimekuwa mwanachama mihula minne katika chuo kimoja cha Marekani, muhula mmoja nikitunza ratiba, na kwa hesabu yangu shughuli tatu tu ndizo zinazorudisha hela: usiku wa mazoezi ya mikono, njia ya kumpata daktari wa DO wa kumfuata kazini, na usaili wa majaribio. Mengine ni mapambo, na machache yanaweza kukupoteza njia.

Kwanza neno lenyewe, maana nyumbani Afrika Mashariki linachanganya watu. DO (Doctor of Osteopathic Medicine) Marekani ni daktari kamili. Anaandika dawa, anafanya upasuaji, anapewa leseni katika majimbo yote 50 kama MD, yaani daktari wa mkondo wa kawaida. Mkondo huu ulianzishwa na Andrew Taylor Still, aliyefungua shule ya kwanza mjini Kirksville, Missouri, mwaka 1892, na leo zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari Marekani wako shule za DO. Kinachowatofautisha ni kama saa 200 za kujifunza kupima na kutibu kwa mikono, somo wanaloliita OMM. Uingereza mambo ni mengine: mtaalamu wa osteopathia kule hutibu kwa mikono tu, ana baraza lake la usajili, na si daktari wa dawa. Ukimwambia shangazi anayeishi Leicester kwamba unasomea osteopathia ataelewa kuchua migongo. Anza na neno udaktari, hizo herufi atazisikia baadaye.

Sasa usiku wa mikono. Chama hualika wanafunzi wa mwaka wa pili kutoka shule ya DO iliyo jirani, wanakuja na vitanda vya kukunja, wanaonyesha, kisha nanyi mnajaribu wawili wawili. Swali la kuuliza kabla ya kujiandikisha ni vitanda vingapi. Kitanda kimoja kwa watu wanne kinatosha. Kikiwa kimoja kwa watu kumi utaondoka umeangalia tu, na video ungeangalia nyumbani. Vaa kaptura au suruali laini ya mazoezi, kwa sababu jinzi huzuia nyonga kukunjika na utadhani misuli ya mwenzako imekaza kumbe ni kitambaa. Wanaovaa hijabu au wasiotaka kushikwa na mtu wa jinsia nyingine waseme kwenye fomu, wasingoje pale mlangoni. Viongozi wenye akili huweka swali hilo kwenye fomu, na wa kwetu waliliweka baada ya malalamiko.

Mbinu inayofundishika kwa saa moja ni ile ya nguvu ya misuli, na mfano mzuri ni misuli ya nyuma ya paja. Mwenzako analala chali. Unainua mguu wake ukiwa umenyooka, polepole, mpaka pale unapohisi ukinzani wa kwanza kabisa. Hapo unasimama. Kisigino kinakaa begani kwako. Unamwambia asukume chini taratibu dhidi ya bega lako kwa sekunde 3 hadi 5, wewe ukizuia mguu usiende popote. Anaachia, unasubiri sekunde mbili tatu misuli ilegee kweli, kisha unasogeza mguu hadi kizuizi kipya. Mnarudia mara 3 hadi 5. Likifanyika sawasawa, mguu unapanda kiasi cha kuonekana kwa macho, na hapo ndipo watu hunyamaza chumbani.

Wengi hukosea mambo yale yale. Anayelala husukuma kwa nguvu zake zote kana kwamba ni mashindano, misuli mingine inaingilia na bega lako linashindwa. Anayetibu hupitiliza kizuizi cha kwanza hadi pale panapouma, na misuli hujikaza kujilinda. Kosa kubwa zaidi ni kutongoja ile pumziko, yaani unausogeza mguu wakati misuli bado inashindana nawe. Mkufunzi mzuri ataweka kiganja chake juu ya chako akwambie, "bado, bado, sasa." Maneno hayo matatu yanafundisha kuliko slaidi arobaini.

Mbinu ya pili ni ya sehemu zenye maumivu, ambapo huvuti wala husukumi. Unatafuta kwa ncha ya kidole mahali panapouma, tuseme juu ya bega, mwenzako anayapa maumivu alama kumi kwa kumi. Unauweka mwili wake katika mkao unaolegeza eneo lile, kidole kikiwa papo hapo, mpaka aseme maumivu yameshuka hadi tatu au chini ya hapo. Unashikilia sekunde 90, halafu unamrudisha polepole mno. Sekunde 90 ni ndefu, watu huhesabu haraka wakaishia arobaini, kwa hiyo weka saa ya simu. Wengine huinua kidole katikati kisha wakirudi wanagusa mahali pengine na kutangaza kwamba maumivu yamekwisha. Na ukimrudisha kwa kasi, kazi yote imepotea.

Kuna mambo usiyakubali. Mbinu ya msukumo wa haraka, ule unaotoa mlio wa viungo kualika, hasa shingoni, si ya kufanywa na mwanachama ambaye hajaingia shule ya udaktari, hata mkufunzi akiwa amesimama pembeni. Na usiende bwenini ukamtibu mwenzako mgongo kwa sababu ulihudhuria Jumanne moja. Kuhusu mbinu za fuvu la kichwa, wakufunzi wengine huzieleza kwa imani kubwa kuliko ushahidi uliopo. Sikiliza, uliza, ubaki na mashaka yako. Madaktari wengi wa DO wenyewe wana mashaka hayo hayo.

Jambo la pili ni daktari wa kumfuata. Shule nyingi za DO zinataka, au zinapendelea sana, barua ya mapendekezo iliyoandikwa na daktari, na zinafurahi zaidi akiwa DO. Hapa ndipo chama kinaponishawishi nilipe. Kumtumia daktari usiyemjua barua pepe huleta jibu moja kati ya nyingi. Kumtumia aliyekuja kuzungumza kwenye mkutano wenu wiki jana ni habari tofauti. Andika ndani ya saa 24 baada ya mkutano, sentensi tano basi: wewe ni nani, alisema nini kilichokugusa, unaomba nini, siku zipi uko huru, asante. Omba nusu siku, usiombe mwezi. Nusu siku ikienda vizuri mwenyewe atasema njoo tena Alhamisi.

Kabla hujakanyaga kliniki, tayarisha cheti cha chanjo, kipimo cha kifua kikuu, na karatasi ya siri za wagonjwa utakayotia saini. Hospitali kubwa huchukua wiki kadhaa kukupitisha, kliniki ndogo ya daktari wa familia huenda ikakupitisha siku mbili, kwa hiyo anza na ndogo. Ukiwa ndani, simama upande wa kichwa cha mgonjwa, mbali na mlango na mbali na kompyuta. Simu ibaki kwenye begi. Jioni ile ile andika kwenye daftari tarehe, saa ngapi, aina ya tatizo bila jina la mgonjwa, na jambo moja ambalo daktari alilifanya kwa mikono yake. AACOMAS, mfumo wa maombi wa shule za DO, unataka saa, na maelezo ya kila uzoefu yana nafasi ya herufi 600 tu. Asiyeandika jioni ile hubuni baadaye, na uongo wa saa huonekana kwenye usaili.

Barua yenyewe iombe baada ya siku tatu nne za kufuata, ukiwa bado usoni mwake. Mpe wiki sita, wasifu wako wa ukurasa mmoja, na vipengele vitatu alivyokuona ukivifanya. Daktari asiyepewa vipengele huandika "ni kijana mwenye bidii", na barua ya namna hiyo haina faida.

Usaili wa majaribio kwetu ulikuwa wa vituo vinane: dakika mbili za kusoma swali mlangoni, dakika sita za kujibu, kengele, unahama. Ubora wake unategemea nani amekaa upande wa pili wa meza. Wanachama wenzako watakwambia "umefanya vizuri" kwa sababu mtakula pizza pamoja. Muhula ule tulipowapata wauguzi wastaafu na mhadhiri mmoja wa falsafa, watu walitoka jasho likiwatiririka, na hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Swali lisilokosekana ni kwa nini DO. Jibu la "kwa sababu wanamtibu mtu mzima, si ugonjwa" lina kasoro moja: MD mzuri naye anasema hivyo. Eleza ulichokiona, kwa mfano daktari aliyempapasa mbavu mgonjwa mwenye nimonia kabla ya kugusa kibodi, na kwa nini uliona kina maana. Sekunde 30 zinatosha, kisha nyamaza. Wanafunzi wetu wa Afrika Mashariki wana tatizo lao, nami nimo: tunazunguka kwa heshima nyingi kabla ya kufika kwenye jibu, kengele inalia tukiwa bado tunashukuru kwa swali.

Warsha ya kushona vidonda inapendwa kuliko zote na ina faida ndogo kuliko inavyodhaniwa. Raha ipo, sikatai. Hutumia miguu ya nguruwe. Asiyetaka kuigusa aombe mapema pedi ya silikoni au paja la kuku lenye ngozi, ambalo kwa kweli linashoneka vizuri. Shika sindano theluthi moja kutoka upande wa uzi, ingiza wima kwenye ngozi, acha milimita tano kutoka ukingo, zungusha kiganja badala ya kusukuma. Ukishika mwisho kabisa, pale uzi unapoanzia, sindano itapinda. Ukikaza fundo mpaka ngozi inakunjamana, umekaza mno. Lakini usiziandike saa hizo kama uzoefu wa kliniki, kwa sababu hapakuwa na mgonjwa.

Meza ya kupima presha maktabani nzuri kwa jamii, ila kwetu ilikuwa na mkanda mmoja wa saizi ya kati kwa watu wote. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na nimeona watu wakiondoka na hofu bila sababu. Aliyepanda ngazi huku akiongea, kisha akapimwa papo hapo, vivyo hivyo. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono usawa wa moyo. Kama meza haina mikanda mitatu na kiti chenye mgongo, afadhali mgawe vipeperushi.

Kero yangu kubwa ni slaidi za urithi. Viongozi hubadilika kila mwaka, slaidi hazibadiliki. Mwaka wangu wa kwanza tuliambiwa kwamba ukirudia somo, AACOMAS inafuta alama ya zamani. Utaratibu huo ulikufa 2017, sasa alama zote zinahesabiwa, na niliwaona wenzangu wakipanga kurudia kemia kwa kuamini slaidi. Tuliambiwa pia kuhusu mtihani wa vitendo wa COMLEX Level 2-PE, sehemu ya mitihani ya leseni ya madaktari wa DO, ambao ulisimamishwa 2021 na kufutwa kabisa mwaka uliofuata. Chochote chenye tarehe au namba, kihakikishe mwenyewe kwenye Choose DO Explorer, orodha ya mtandaoni ya shule za DO, au tovuti ya shule husika.

Wenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi wa kigeni, wasome hapa mara mbili. Ushauri wa kawaida wa chama ni "tafuta kazi ya ukarani wa daktari au gari la wagonjwa, upate saa." Hizo ni kazi za mshahara nje ya chuo, na kuzifanya ukiwa na F-1 bila kibali ni kosa linaloweza kukugharimu hadhi yako ya viza. Kujitolea kwenye nafasi ambayo kwa kawaida hulipwa nako kuna utata. Kumfuata daktari bila malipo, ukiangalia tu, kwa kawaida hakuna shida. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndiyo ya kuuliza, kwa maandishi, kabla ya kusema ndiyo kwa mtu yeyote. Halafu fedha: mikopo ya serikali kuu huipati, shule za DO zinazopokea F-1 ni chache, na baadhi zinataka uweke karo ya mwaka mzima au zaidi kwenye akaunti maalumu kabla ya kuanza. Mihula minne, hakuna mkutano hata mmoja uliolitaja hilo. Nililipata kwa kusoma kurasa za shule moja moja, nikaandika jedwali, na jedwali hilo sasa liko kwenye folda ya chama. Aliyejiunga hivi karibuni alifungue kabla ya kuchukua fulana.