PPSSPP kwenye simu ya bei ya kawaida

Simu yangu ina RAM ya GB 4 tu, na inaimudu vizuri PPSSPP, emuleta (programu inayoiga mashine ya gemu) ya PSP, ile mashine ya Sony ya kushika mkononi. Programu hii inachezesha gemu za PSP bila kudai faili la BIOS, yaani programu ya msingi ya mashine, ambalo ni mali ya Sony. Watengenezaji wake, Henrik Rydgård na wenzake, waliandika upya wenyewe kazi zinazofanywa na programu hiyo ya Sony.

Gemu ikikwama, ingia mipangilio ya grafiki, badilisha njia ya kuchora picha kutoka OpenGL iwe Vulkan, kisha shusha rizolusheni (ukali wa picha) hadi 1x, kiwango cha PSP yenyewe. Kwangu gemu la mpira lililainika palepale, ingawa sauti ya mtangazaji bado hukatikakatika. Vitufe vya kwenye kioo ni balaa, kidole gumba kinamfunika winga wako! Tafuta pedi ya kuchezea gemu.

Kisheria, emuleta yenyewe haina kosa: mwaka 2000 mahakama ya rufaa Marekani iliipa ushindi Connectix, kampuni iliyotengeneza emuleta ya PlayStation, dhidi ya Sony. Kasheshe ni faili za ISO, yaani nakala za gemu zenyewe. Yule jamaa wa kibandani anayekujazia gemu kwenye memori kadi anauza mali ya watu. Na Yuzu, emuleta ya Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, mwaka 2024 watengenezaji wake walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 kumaliza kesi ya kudaiwa kuvunja ulinzi wa gemu zake.

PPSSPP ina pia toleo la kulipia, Gold, linalochezesha gemu zilezile. Unalipia kuwachangia waliolitengeneza. Mimi nimelipa.