Nukta moja kwenye kadi ya kliniki ya mwanangu

Bado nina hasira, mnivumilie. Ni wiki mbili tatu hivi tangu nimpeleke mwanangu kliniki, ile ya mwaka na nusu, na kila nikifungua kadi yake moyo unaniuma upya.

Kituo sitakitaja. Ni cha serikali, hapa hapa Dar, na nampeleka hapo tangu azaliwe. Foleni nimeizoea, kudamka nimezoea, huduma ni bure, sina neno na hayo. Neno langu ni na dada aliyekuwa kwenye mizani.

Nimemvua mtoto nguo, nikamvalisha ile suruali ya kupimia, akaning'inia huku analia na kurusha miguu. Kilo 9.4. Yule dada hata usoni hakumtazama. Akavuta kadi, kalamu ikapita mbio kwenye mchoro wa uzito na miezi, akaweka nukta. Halafu akapaza sauti mpaka benchi zima likageuka: "We mama, huyu mtoto unamlisha nini? Ana utapiamlo! Siku zote ulikuwa wapi? Mkishachoma sindano ya miezi tisa mnaona mmemaliza kazi."

Ni kweli nilikuwa nimeruka miezi mitatu. Kosa langu, nalikiri. Lakini utapiamlo? Mtoto anayekula ugali na dagaa mpaka anadai cha kwangu? Aliyeanza kutembea na miezi 13? Machozi yalinitoka mbele za watu. Mama aliyekuwa jirani yangu akaniangalia kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichoma kuliko maneno yenyewe.

Nilipopewa kadi nikaitazama vizuri. Nukta kaiweka kwenye miezi 24. Mwanangu ana 18! Kilo 9.4 kwa mvulana wa miaka miwili ni pungufu kweli, lakini kwa wa mwaka na nusu bado yumo ndani ya kijani, yaani eneo la uzito wa kawaida. Yuko chini chini, sikatai, lakini yumo. Nikamwambia kwa adabu, "Dada, samahani, naona miezi imehesabiwa vibaya." Akanijibu, "Unataka kunifundisha kazi? Nenda chumba cha sindano, wenzako wanasubiri."

Mimi kadi najua kuisoma. Asiyejua je? Anarudi nyumbani na aibu, anaanza kumkaba mtoto uji kwa nguvu, mume anauliza pesa ya chakula inakwenda wapi, mama mkwe naye anapata la kusema. Na mtoto anayekonda kweli, akihesabiwa miezi pungufu, si ataambiwa mzima wa afya? Nukta ile ndiyo kazi yenyewe. Bila hiyo tunampima wa nini?

Hapo nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba msikanyage kituo kile. Ila ndani ya chumba cha sindano nilimkuta nesi mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua. "Mwanangu, unalia nini?" Nikampa kadi. Akahesabu miezi kwa kidole, kimoja kimoja, kuanzia mwezi wa kuzaliwa, mpaka 18. Akaweka nukta nyingine. Akachukua ule utepe wa kupima mkono, akauzungusha, akanionyesha: kijani, sentimita 13 na ushee. "Mwanao mzima. Mwembamba tu. Mwongezee mafuta na karanga kwenye uji, na mwezi ujao umlete tuone mstari unapanda."

Akamchoma ya pili ya surua na rubella, akamkamulia kidonge cha vitamini A mdomoni, akampa na dawa ya minyoo. Halafu akauliza swali nililotoka nalo nyumbani na sikujua nimuulize nani: "Anasemaje?"

Nikamwambia anasema "mama", "baba", "maa" akitaka maji, na "toka" akimfukuza paka. Basi. Kwetu wanasema wavulana huchelewa, nami usiku silali. Yule nesi akaenda nyuma ya mtoto, akamwita jina kwa sauti ya chini. Akageuka. Akamwambia nipe kalamu, akampa. Mara mtoto mwenyewe akanyoosha kidole juu kwenye pangaboi, akanigeukia usoni kuona kama na mimi nimeliona. "Umeona hicho kidole?" akasema. "Anakusimulia huyo, hajapata maneno tu. Ongea naye sana, simu mfichie. Angekuwa hageuki akiitwa, au haonyeshi kitu, leo leo ningekuandikia akapimwe masikio."

Nililia tena, safari hii kwa nafuu. Dakika kumi za mama yule zilinifaa kuliko mwaka mzima wa kuulizana na mashoga zangu.

Kwa hiyo ile ya msiende naifuta. Nendeni, hasa mliokoma baada ya miezi tisa, maana ile surua ya pili hutolewa kwenye mwaka na nusu na wengi wetu hatujui. Lakini hesabuni miezi wenyewe kabla kadi haijatoka mezani.

Ila hasira haijaisha, nisiwadanganye. Hakuna aliyeniomba radhi. Nukta ya kwanza ipo palepale, wino wa bluu, imezungushiwa duara. Mwezi ujao narudi, na nitamwomba dada wa mizani aifute kwa mkono wake, mbele ya benchi lilelile.